Msuko wa Soroka

Mimi ndiye mwenye hamamu la kina Sysoi, lile banda la magogo kule chini karibu na kijito, na nasema mapema: sipendi kelele, sipendi anayeoga huku anapiga mluzi, na sipendi kuulizwa umri. Binadamu hawanioni, ila wananipa heshima yangu. Kila Jumamosi wanaoga zamu tatu, kisha wananiachia ndoo ya maji ya moto na kicha cha matawi ya mti wa mbetula cha kujichapia mwilini, wanafunga mlango na kwenda zao. Mvuke wa nne ni wangu. Kuna mmoja aliwahi kujisahau akaingia zamu hiyo. Alitoka mbio uchi kwenye theluji, mgongo umeiva kama kiazi. Sikumwonea huruma.

Kule juu nyumbani, nyuma ya tanuri, anakaa kaka yangu Domazhir. Yeye ndiye mwenye nyumba na zizi, mzimu asiyeonekana kama mimi. Ni mfupi, mnene, ana manyoya mekundu mwili mzima mpaka viganjani, na kwa kununa hana mpinzani. Anaishi na mjukuu wake, Zabava. Wakati ule Zabava alikuwa bado na vinyoya vya kijivu vya kitoto, kama kifaranga cha bata, na wenzake wote walikwishaota manyoya ya utu uzima wakapewa mazizi yao. Lilimuuma sana jambo hilo. Nami nilimtania kwamba atazeeka na vinyoya vyake, maana mdomo wangu hauna pazia.

Vuli ile Sysoi alikwenda gulioni akarudi na farasi jike mwenye mabaka meusi na meupe, mguu mmoja wa mbele mweupe pepepe mpaka begani. Wakamwita Soroka, jina la ndege wa rangi hizo anayeiba vijiko. Lakini Sysoi alikuwa amekunywa, akamwingiza farasi zizini hivi hivi tu. Hakuinama kwenye pembe nne za zizi, hakusema hata neno. Kwetu mnyama mgeni hutambulishwa kwa mwenye zizi, hata awe kuku. Ukiacha kufanya hivyo ni sawa na kuoa kimyakimya halafu mama yako akutane na mkweo kisimani.

Domazhir akavimba. Tena mwenye zizi humpenda mnyama wa rangi ya manyoya yake, na huyu alikuwa na mabaka. Basi akawa anamnyang'anya shayiri na kumpa farasi dume mwekundu aliyekuwa humo tangu zamani, halafu anampanda na kumkimbiza humo humo zizini mpaka jasho linamtoka. Nilimwambia anamwonea mnyama kwa kosa la mlevi. Akaniambia nikachemshe maji yangu. Kufika katikati ya baridi Soroka alikuwa mifupa mitupu, na Sysoi akatangaza kwamba Jumapili anampeleka gulioni. Sote tulijua mnunuzi wa farasi kama huyo ni nani. Ni mchuna ngozi.

Zabava alimpenda farasi yule kufa. Alimfichia maganda ya mkate, alimpulizia pumzi puani apate joto, alimwambia siri ambazo mimi bibi yake sikuambiwa. Na njia ya kumwokoa ilikuwa moja tu, nayo ni msuko. Mwenye zizi akimsuka farasi singa za shingo, binadamu wakiukuta msuko asubuhi hawamuuzi wala hawaufumui, kwa sababu wanajua amependwa. Lakini msuko ni ahadi. Anayesuka anaibeba njaa ya farasi na homa yake maisha yote, na ahadi ya mtoto haishiki. Zabava alikwishasuka mara nyingi, na kila mara kabla ya jogoo kuwika singa zilifumuka zenyewe.

Jumamosi ile nimejinyoosha kwenye benchi langu la juu, nimefumba macho, nikasikia mlango unagongwa. Nikauliza ni nani aliyechoka na ngozi yake.

"Ni mimi, Bibi. Naomba kuingia."

"Unajua huu ni mvuke wa nani?"

"Wako. Ndiyo maana nimekuja. Kesho wanamuuza Soroka, na mikono yangu bado ya kitoto. Wanasema mvuke wako unabambua hata gome la mti."

"Unabambua na ngozi pia, mjukuu wangu."

"Basi nibambue."

Sikuwahi kugawana mvuke wa nne na kiumbe yeyote. Lakini nikamtazama pale mlangoni, anatetemeka, kidevu juu, nikaona huyu si yule mtoto niliyezoea kumtania. Na wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nikamvuta ndani, nikamwaga maji juu ya mawe mpaka dari lenyewe likapotea, nikamchapa kwa matawi ya mbetula mgongoni, miguuni, kila mahali. Alipiga kelele zile ninazozichukia. Kisha kelele zikageuka kicheko, maana vinyoya vilianza kutoka, vinaelea ndani ya ndoo, vimenijaa mpaka mdomoni. Nikammwagia maji baridi, mvuke ukatulia, nikamwona.

Mabaka. Meusi na meupe, mwili mzima, na mkono mmoja mweupe pepepe mpaka begani. Zabava alijitazama, akanitazama, na mimi nilicheka mpaka nikaanguka benchini.

Mimi huwa sitoki hamamuni wakati wa baridi. Siku ile nilitoka, miguu mitupu kwenye theluji, sikubali kusimuliwa. Tulimkuta Domazhir zizini ameshika ndoo ya shayiri ya Soroka, anaipeleka kwa mwekundu wake. Alipomwona mjukuu wake, ndoo ilimponyoka. Akatia mate kidoleni, akausugua ule mkono mweupe, akidhani ni povu la sabuni.

"Haitoki, Babu," Zabava akasema.

"Mabaka," akasema. "Katika ukoo wetu, mabaka."

Nikamkumbusha kwamba mama yetu alikuwa na doa jeupe kisogoni na hakuna aliyemnyima shayiri. Alipiga magoti na kuanza kuzoa nafaka chini, akaitia yote kwenye kihori cha Soroka.

Zabava akasuka. Msuko ulipinda kama ua wa mlevi, lakini jogoo aliwika mara ya kwanza, akawika tena, na haukulegea hata unywele mmoja.

Kulipokucha Sysoi akaja na hatamu, nyuma yake mama yake mzee, Fevronia, anamfokea habari za mlango alioacha wazi. Bibi yule akauona msuko, akanyamaza katikati ya neno. Kisha akauliza, taratibu kabisa, kama farasi huyu alitambulishwa siku alipoletwa. Sysoi akajikuna kichwa. Mama yake akamvua kofia kwa mkono wake mwenyewe na kumsukuma katikati ya zizi.

Sysoi akainama kwenye pembe nne, masikio yanamwiva kwa aibu.

"Mwenye zizi, tusamehe," akasema. "Huyu ni Soroka. Mpende, mlishe, mtunze."

Tulikuwa tumesimama pale pale mbele yake, ingawa hakutuona. Zabava alirudi nyuma amwachie babu yake nafasi, kama ilivyokuwa siku zote. Domazhir akamshika bega lile jeupe na kumsogeza mbele.

"Itika," akamwambia. "Ni wewe unayeitwa."