Upepo wa Injinia

Mume wa mpishi wa keki hakuwa injinia. Alikuwa karani wa ghala la saruji. Lakini tangu simu yake ianze kumletea video za watu wenye glavu safi wakifungua magari machafu, alijipa cheo hicho mwenyewe, na mtaa, ambao haujawahi kuwa mchoyo wa dhihaka, ukakipokea kwa mikono miwili. Injinia huyo! Akiingia kinyozini, mashine ya kunyolea huzimwa ili wateja wasikie vizuri.

Ijumaa moja Injinia alitangaza kwamba feni ya gari lao imemchosha.

"Feni ya mkanda ni ushamba," alisema, ameinamia boneti kama daktari wa upasuaji. "Injini inaizungusha kutwa nzima, iwe joto, iwe baridi. Inakula mafuta bure na kunguruma kama kinu. Siku hizi watu wanafunga feni ya umeme. Gari likipata joto inajiwasha, likipoa inajizima. Ina akili."

"Basi angalau gari litakuwa na mwenye akili mmoja," alisema dada yake, yule wifi aliyekuja kutembea wikiendi moja akasahau njia ya kwao.

Mpishi hakucheka. Kesho yake keki ya ngazi tatu ilitakiwa hotelini kabla ya adhuhuri, na meneja alikuwa amemwambia bila kupepesa macho: ikifika nzima, keki zote za harusi pale hotelini zitakuwa zake, ikifika imelegea, asijisumbue kurudi. Alikuwa amechoka kupika keki za majirani wanaolipa kwa shukrani.

"Si ungengoja Jumapili, mume wangu? Hiyo feni ya zamani inafanya kazi."

"Nakufanyia wewe! Nataka keki yako isafiri kwa raha."

Feni ya mkanda ikang'olewa, ikatupwa nyuma ya tangi la maji. Feni ya umeme ilikuwa imenyofolewa kwenye mkweche wa gari jingine kabisa, ikiwa na nyaya mbili zilizopauka hata rangi zake hazisomeki. Injinia alizitazama, akafumba jicho moja, akaunga hii na ile akafunga solotepu nyeusi. Alipowasha gari na kuliacha lipate joto, feni ikaanza kuzunguka. Akakimbilia mbele, upepo ukampiga usoni, shati likajaa kama puto.

"Mnaona? Mnaona nguvu hiyo?"

Kinyozi aliitwa. Akasimama mbele ya gari amekunjua mikono, akafumba macho, akasema hajawahi kupata upepo mtamu namna ile. Wateja wake wakaja na viti.

Mpishi naye alitoka na kitambaa chake cha jikoni kilicholowa. Mvua zikikataa kukatika, gari lile ndilo lililokuwa kamba yake ya kuanikia: injini inanguruma, anabandika kitambaa kwenye wavu wa mbele, nacho kinang'ang'ania chenyewe kama mtoto mgongoni, kwa jinsi feni ilivyovuta hewa kwenda ndani. Safari hii alikibandika kikaruka, kikamfunika kinyozi uso mzima.

"Mbona kinaruka?"

"Kwa sababu hii ni feni, mke wangu, si msumari wa kutundikia nguo!"

Viti vyote vikacheka. Mpishi akakiokota kitambaa chake akarudi ndani, maana keki ilikuwa ovenini, na hakuwa na muda wa kuchekwa.

Asubuhi waliondoka mapema. Injinia kwenye usukani, mpishi pembeni yake, wifi kiti cha nyuma, amelikumbatia boksi la keki kama mgonjwa. Njiani Injinia alisifu ukimya wa injini. Alisifu wepesi wake. Kisha wakaingia kwenye foleni iliyogoma, na mshale wa joto, ambao ulikuwa umetulia katikati, ukaanza kupanda.

"Ni kawaida," alisema Injinia.

Ukapanda tena.

"Kaka, hiyo kawaida inaelekea kwenye nyekundu," alisema wifi.

Jasho lilimtoka Injinia. Akakumbuka video. "Tuwashe hita! Hita inatoa joto kwenye injini, inalileta humu ndani." Na kabla mtu hajasema kitu, akaifungulia yote.

Joto likawavamia kama wamefungua mlango wa tanuri. Wifi akapiga kelele: "Wifi, maua ya keki yanainama! Yanainama, nakwambia!"

"Zima hita!" alisema mpishi.

"Nikiizima injini inakufa!"

"Na usipoizima mimi ndiye ninayekufa! Umeondoa feni iliyokuwa inafanya kazi, sasa unaioka keki yangu mara ya pili? Zima hita, zima na gari, nifungulie boneti!"

Alisema kwa sauti ambayo Injinia hakuwahi kuisikia kwenye video yoyote. Akazima.

Feni bado ilikuwa inazunguka kwa moto uliobaki. Mpishi akasimama mbele ya gari, upepo mtamu wa kinyozi ukamchoma usoni, na hapo ndipo jana ilipomrudia. Akavuta kitambaa chake cha jikoni begani, akakiweka kwenye wavu. Kikamrukia usoni.

"Inapuliza nje," alisema.

"Upepo ni upepo," alisema Injinia, lakini kwa sauti ya karani.

"Ya zamani ilivuta hewa ya nje ikapitisha kwenye rejeta, ipoze maji ya injini. Hii yako inachukua moto wa injini na kuurudisha kwenye rejeta, ndiyo maana wateja wa kinyozi walistarehe. Geuza hizo nyaya."

"Mke wangu, hapa barabarani? Watu wanatutazama."

"Jana ulipenda watu watazame."

Hakumngoja yeye. Alingoja feni isimame tu, akaibandua solotepu kwa meno, akazibadilisha nyaya, akafunga. Gari likawashwa. Akakiachia kitambaa mbele ya wavu, nacho kikanasa, kikatulia. Taratibu mshale ukaanza kushuka.

Hotelini, nyuma ya mlango wa jikoni, mpishi alikata maua yaliyolegea akaweka mengine ya krimu aliyoifungasha kwenye barafu. Meneja aliizunguka keki, akainama, akaigusa sahani.

"Nzima," alisema. "Jumamosi ijayo kuna nyingine. Nani ataileta?"

"Mume wake," alianza Injinia akijipapasa kola, "yaani mimi, nimebuni mfumo wa feni ya..."

"Nitaendesha mwenyewe," alisema mpishi, akamnyooshea mume wake mkono. Injinia akaweka funguo kwenye ule mkono.

Jumapili sauti ya Injinia ilisikika hadi jikoni. Kinyozi na viti vyake walikuwa wamelizunguka gari. "Jaribio ni rahisi," alikuwa anawafundisha. "Unachukua kitambaa, unakiweka hapa. Kikinasa, feni iko sawa. Hili nimeligundua mwenyewe."

Mpishi akatoka, funguo zikimning'inia kiunoni, akapita katikati ya viti, akakibandua kitambaa kwenye wavu.

"Nipe changu," alisema. "Gundua na chako."