Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kushoto

Wifi yangu Maxine, aliyekwenda Ulaya mara mbili na hachoki kuwakumbusha watu, aliniandikia kurasa nne za mawaidha ya safari. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Pasipoti ifunge kiunoni, chini ya nguo. Usingoje maji ya bure mezani. Salimu kwanza, uliza baadaye, kwani Wafaransa hawana msamaha kwa asiyesalimu. Kurasa nne za mwandiko uliobanana, na hakuna mahali alipoandika mama afanye nini akifungua mlango na kukuta kitanda kitupu.

Simlaumu. Nilimwambia nakwenda kutembea. Ningemwambiaje kwamba mwanangu wa pekee, Garrett, aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli huko Lyon, na kwamba habari hizo nililetewa na mwanamke nisiyemjua? Baba yake alipokufa, Garrett hakuja Nebraska kumzika. Alisema tanuri la mikate haliachwi. Nikamwambia, “Basi kaa na tanuri lako, na usinipigie tena.” Miaka mitatu ikapita, simu kimya.

Kisha ukaja ujumbe wa Mathilde, anayeishi naye: “Damu imeganda kichwani. Watampasua Alhamisi saa tano asubuhi. Daktari haahidi kitu. Ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia, mlango wa kushoto. Njoo, Mama.” Aliniita Mama, mtu ambaye hatujawahi kuonana naye. Nikayanakili maneno hayo kwenye karatasi, na nilifanya vyema, kwa sababu nilipotua Lyon simu ilikuwa imezimika. Kile kidude cha kugeuzia plagi, alichonisisitizia Maxine, kilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa limebaki Chicago.

Nilifika hospitalini saa nne u nusu. Mapokezi alikaa mwanamke mwenye miwani ya kamba.

“Mwanangu yuko wapi? Garrett Pruitt.”

Akanitazama. “Habari za asubuhi, bibi.”

“Garrett Pruitt. Wanampasua sasa hivi.”

“Habari za asubuhi, bibi.”

Niliona hana utu hata chembe. Nilitaka kulipiga lile dawati teke. Nikameza hasira, nikasema habari za asubuhi, na uso wake ukakunjuka. “Pole sana, bibi. Ghorofa ya tatu. Ngoja nimwite mtu akupeleke.”

“Nina miguu,” nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyo. Mtu akininyoshea mkono huwa naona ananidharau. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, “Lorna, wewe utazama huku unamfundisha mwokoaji kuogelea.” Lifti ilikuwa na foleni ya vitanda na viti vya magurudumu, nikashika ngazi, nikihesabu kama tuhesabuvyo nyumbani: moja pale mlangoni, mbili, tatu. Nikafuata ujia hadi mwisho. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi.

Shuka zimevuliwa. Dirisha limefunguliwa. Mwanamke mnene mwenye sare ya buluu alikuwa akilifuta godoro kwa kitambaa chenye harufu ya dawa, taratibu, kama mtu asiye na wa kumngoja.

Nilijua. Kwetu mtu akifa hospitalini ndivyo wafanyavyo, na sikuona kwa nini huku wafanye vingine. Nikaketi kwenye lile godoro, likiwa bado bichi. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshaota ndevu.

“Maisha yako yote hukuwahi kunitii,” nikakiambia kitanda. “Nilikukataza kupanda ghala, ukapanda. Nilikukataza kuondoka, ukaondoka. Ukaja kunitii siku moja tu, ile niliyokwambia usinipigie. Kwa nini siku ile, Garrett? Kila Jumapili nilikaa karibu na simu. Nilikuwa na haki ya kukasirika, lakini haki yenyewe nimeila peke yangu miaka mitatu, na sijashiba.” Nililia vibaya, kwa sauti, kilio nilichokikataa kwenye maziko ya baba yake.

Yule mwanamke aliweka kitambaa chini akanishika bega. Beji ya kifuani iliandikwa Fatiha. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza.

“Mume?”

“Mwanangu. Garrett. Kitanda hiki.”

Akatikisa kichwa. “Hiki cha mzee Bertrand. Ameenda nyumbani leo. Kwa miguu yake, anagombana na kila mtu.” Akanikagua viatu, akanikagua uso. “Wewe Mmarekani?”

Nikaitikia.

Akapiga sakafu kwa kisigino. “Hapa mbili.” Akaonyesha dari. “Tatu, kule. Chini mlangoni sisi hatuhesabu, mama. Chini ni chini tu. Wenzako nao hupotea hivi hivi. Haya, inuka.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika mbili. Sikumbuki kama nilimshukuru. Nilipanda zile ngazi kwa mikono na miguu, mwanamke wa miaka sitini na minne, na nilipousukuma mlango wa juu niliona kitanda kinasukumwa kuelekea lifti, msichana mwembamba anatembea kando yake ameshika blanketi.

“Ngojeni!”

Wakasimama. Msichana, bila shaka ndiye Mathilde, alinitazama mara moja tu, akasogea kunipisha. Nusu ya kichwa cha Garrett ilikuwa imenyolewa, na jicho moja limevimba likafumba. Lile jingine lilinitafuta polepole, likanipata. Nilitaka kumwambia yote niliyoyasema kule chini, lakini niliyamwaga yote kwenye godoro la mzee Bertrand na sikubakiwa na neno. Nikamshika kidole kimoja, ndicho pekee kisichokuwa na mpira wala bandeji.

“Mama.” Ulimi ulikuwa mzito kwa dawa. “Tulikungoja tangu alfajiri.”

“Najua.”

Muuguzi alibonyeza kitufe. Mlango wa lifti ukafunguka.

“Ndege ilichelewa?”

“Hapana, mwanangu,” nikasema. “Ndege haikuchelewa.”

Akakibana kidole changu. Wakaanza kusukuma, nami nikatembea naye mpaka pale ambapo hawakuniruhusu kupita.