Mama Mkwe Hewani

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimlelea mtangazaji mtoto wake, na asubuhi alikuwa ameapa: "Ukiruhusu watu waikosoe dini redioni, nafungasha virago."

Mtangazaji alifungua simu za wasikilizaji roho mkononi; mada ya kipindi wiki hiyo ilikuwa kama ni sawa kuikosoa dini. Wa kwanza kupiga akawa mama mkwe mwenyewe.

"Karibu hewani, mama."

"Usinikaribishe! Hao wakosoaji unaowasubiri wanajua nini? Wa kukosoa ni sisi tunaosali. Mahubiri yanavutwa mpaka miguu inakufa ganzi, na kile kipaza sauti cha ibada kinamwamsha mjukuu wangu!"

Fundi mitambo alicheka hadi akashika meza. Mama akaendelea mpaka kipindi kikaisha.

Nyumbani mtangazaji aliuliza taratibu, "Mama, bado unaondoka?"

"Niende wapi? Wiki ijayo atapiga nani?"