Shimo la Shamte na Kisima Changu

Nyumba yangu ipo pembezoni mwa mji wa Singida, mahali ambapo mawe ni makubwa kuliko nyumba zenyewe. Ukitaka kuchimba chochote huku, unatafuta kwanza penye udongo kati ya jiwe na jiwe. Kisima changu kilipatikana hivyo. Tunachota kaya tano, tunachemsha, tunakunywa.

Mwaka huu jirani yangu Shamte, anayeuza mafuta ya alizeti sokoni, alijenga vyumba sita vya kupangisha upande wa juu. Choo akakiweka hatua kumi na tisa kutoka kisimani kwangu. Nilizihesabu kwa miguu yangu, mara mbili.

"Shikamoo mama," alisema aliponikuta nahesabu.

"Marahaba. Shamte, hilo shimo halitaleta uchafu kwangu?"

"Katikati kuna jiwe, mama. Maji hayapiti kwenye jiwe."

Neno lake lilikuwa na maana. Lakini nilitaka kujua kama jiwe lenyewe bado zima. Maana aliyechimba ni Mughwai, na Mughwai huchimba kama wachimbaji wote wa huku: nyundo ikishindwa, anapanga magogo juu ya jiwe, anachoma mpaka liwe jekundu, kisha anamwaga maji baridi. Jiwe linalia ta, ta, linapasuka, anaondoa vipande. Alichoma alasiri sita mfululizo. Mimi nilikuwa nasuka mkeka barazani, nayasikia yote.

Siku ya saba nikaenda kuchungulia. Ukutani mwa shimo, upande wa kwangu, kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Nikamwomba Mughwai aliyekuwa chini aingize ukindu mmoja mrefu.

"Mchumba, umeanza kusuka mpaka mashimo?" akauliza. Umri wake ni wa wajukuu zangu, utani wetu ni huo.

"Ingiza, mume wangu mvivu."

Aliusukuma polepole. Ukaingia wote, hata ncha ya kushikia haikubaki.

Nikamwendea Shamte. Nilimwambia kabla hajafunika shimo anipe siku tano, nimwage humo rangi ya kutilia ukindu, tuone kama itatokea kisimani. Akacheka, akasema fundi wa kufunika anakuja baada ya juma moja, kwa hiyo siku tano anazo. "Ila mama, ukishindwa usinidai rangi yako."

Tulichota kwanza maji ya kutosha, kila kaya ikajaza ndoo na mitungi. Nikawaambia wenzangu wasichote tena mpaka niseme. Mdomo wa kisima nikaufunika bati, juu yake nikaweka jiwe. Nilichemsha pakiti nne za zambarau, ile isiyotoka mkononi kwa siku tatu. Mughwai akamwaga shimoni pamoja na mapipa matatu ya maji.

Kila asubuhi na alasiri nilifunua, nikachota, nikamimina kwenye bakuli jeupe, nikalitazama juani. Siku ya kwanza, maji safi. Ya pili, safi. Ya tatu Mughwai akapita, akanikuta nimeinamia bakuli, akauliza kama samaki wameshaiva. Nami nilianza kufikiri labda Shamte anasema kweli, jiwe ni jiwe.

Alasiri ya siku ya nne maji yalitoka na zambarau ya mbali, kama yale uliyosuuzia kanga mpya. Nikadhani macho yangu yamechoka. Nikachota tena. Yalikuwa vilevile.

Shamte alikuja na Mughwai, akaligeuza bakuli huku na huku.

"Labda ilidondoka kwa juu."

"Bati lipo. Jiwe lipo. Chota mwenyewe."

Akachota mwenyewe. Akakaa kwenye ukingo. Mughwai akasema: "Ni moto wangu. Jiwe lilikuwa zima, nimelifungua mimi."

"Hatukujua," Shamte akasema. "Sasa mama, wapangaji wanaingia mwisho wa mwezi. Sina mahali pengine penye udongo."

Alisema njia iliyobaki ni kulijengea shimo sakafu na kuta za zege lisilovuja hata tone. Tatizo, shimo lisilovuja hujaa upesi, na lazima gari la kunyonya majitaka lifike. Kwake gari haliingii, mawe yamezunguka.

"Bomba lake lina urefu gani?" niliuliza.

Akampigia dereva. Mita thelathini. Tulipima kwa kamba ya kuanikia nguo: kutoka barabarani kwenda shimoni, arobaini na nne. Kutoka ndani ya uwanja wangu, ishirini na sita. Lakini gari liingie uwanjani kwangu, ua wa minyaa ukatwe.

Shamte alikuwa ameshaliona hilo. Alikuwa anaona aibu kuniomba.

Minyaa ile niliipanda mwenyewe, fimbo kwa fimbo, kuzuia mbuzi wa Shamte wasile mlenda wangu. Niliizunguka nikitafuta palipo pembamba. Nikamwonyesha Mughwai mashina tisa. "Geuza uso, utomvu wake unapofusha. Nami simtaki mume kipofu."

Zege lilipokauka, tulilijaza shimo maji, tukachora mstari wa mkaa yalipofika, tukalifunika turubai jua lisiyanyonye. Siku saba maji hayakushuka hata unene wa kucha. Mimi kila siku nilikuwa nachota na kumwaga, nachota na kumwaga, huku kaya zote tano tukinunua maji ya kunywa. Zambarau ikafifia, ikawa kama maji ya kusuuzia mara ya tatu, halafu kama hakuna kitu.

Asubuhi moja niliinamia bakuli nisione rangi. Nikachota la pili, nikaenda nalo juani. Mbuzi wa Shamte walikuwa wameshapita kwenye pengo la ua, wanatafuna mlenda wangu. Niliwaacha kidogo, kwanza nimalize kuangalia maji.