Kipande cha Mgongo

Deraya ya mtawala wetu, Puang Sarira, ilitoka kwenye ngozi ya shingo ya nyati dume, ile nene kuliko zote. Marehemu baba ndiye aliyeikata, mimi nikaishona kwa kamba za henzirani. Ilifunika kifua na tumbo tu. Kwetu mgongo huachwa wazi, maana mwanamume anatazamiwa kumwelekea adui.

Puang alipomwazima kaka yangu Rombe deraya hiyo atangulie nayo vitani, nilimshonea kipande cha mgongo kwa siri.

"Hiki cha nini, dada? Cha kukalia?"

"Vaa tu, kaka."

Akavaa. Uani, Tandi, mtoto wa Puang, ambaye naye tulimwita Puang, akamzunguka kama anayekagua mnyama wa kununua.

"Jamani, njooni muone. Rombe kashonewa mgongo na dada yake. Hata hatujaondoka, mwenzetu keshajiandaa kurudi mbio."

Watu wakacheka. Rombe akachomoa kisu, akakata kamba zangu, akanitupia kile kipande miguuni. Hakunitazama.

Walimrudisha maiti, amefungwa kwenye mianzi. Mkuki ulimwingia nyuma, chini ya bega. Mmoja wa waliombeba alininong'oneza kwamba Rombe alikuwa akipigana mbele, kwenye njia nyembamba kati ya miamba, maadui wengine wakawashukia kwa nyuma. Mbele ya wazee hakuyarudia.

"Jeraha liko wapi?" Puang aliuliza.

"Mgongoni."

"Basi alikimbia. Huyo hachinjiwi nyati."

Bila nyati, marehemu hana wa kumfikisha Puya, kwenye makao ya wafu. Mama aliketi chini palepale, kanga ya kichwani ikamwanguka, asiiokote. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Nilikwisha kuiona deraya. Kifuani ilikuwa na makovu mapya ya mapanga, na anayekimbia hakatwi kifuani. Nikamtazama yule mbebaji, naye akatazama vidole vyake vya miguu. Rombe tulimzika kwa kuku.

Mamake Puang Sarira alipofanyiwa mazishi yake, Tandi ndiye aliyecheza mbele ya wageni ameivaa deraya. Wageni waliyapapasa yale makovu.

"Yote haya uliyapata siku ile, Puang?"

"Walinijia wengi," Tandi alisema.

Mavuno yalipokwisha vikatangazwa vita vingine. Tandi akaniletea deraya nikaze kamba.

"Makovu usiyaguse," alisema. Kisha akageuka kutazama mlangoni, akapunguza sauti. "Kile kipande cha mgongo unacho bado?"

Kilikuwa chini ya mkeka wangu.

"Ninacho, Puang."

"Kishone. Nitavaa shuka juu, hakitaonekana."

Nikaiweka deraya mapajani.

"Mchinjie Rombe nyati. Waambie wazee alisimama. Nitakishona leo hii."

Alipitisha kidole juu ya makovu.

"Nikisema hivyo, wataniuliza makovu haya ni ya nani."

"Ndiyo, Puang."

"Unajua siwezi."

Nilikaza kamba za mbele, za mabegani na za kiunoni, vizuri, kama baba alivyonifundisha, nikamkabidhi. Akaivaa. Nilimtazama akishuka kuelekea kwa wenzake, ngozi nene kifuani, mgongo mtupu.

Kipande cha Rombe nikakirudisha chini ya mkeka. Mama aliniuliza Tandi alikuwa akitaka nini.

"Kamba zilikuwa zimelegea," nikamwambia.