Kusimama Wima

Mume wangu, bingwa wa kila kitu, alinunua mashua ndogo ya matanga, ya kizamani na nzuri ajabu. Fundi akamwonya: "Kaka, chumba chake kilichorwa kifupi kwa makusudi. Ukitaka kusimama, toka nje."

Thubutu! Mwanamume mzima ainame ndani ya chombo chake? Akainua paa mpaka akatosha kusimama na kofia kichwani.

Siku ya kuizindua, ukoo mzima gatini, tanga likapandishwa. Mti unaoshika tanga kwa chini, ambao hupita juu ya paa upepo ukigeuka, ukagonga paa jipya, ukakwama. Mashua ikaenda kombo kama kaa, ikarudi kugonga gati tuliposimama. Bingwa yumo ndani, wima kama nguzo, anatupungia dirishani.

"Safari inaanza lini?" akauliza mama mkwe.

"Mama," nikamjibu, "mwanao hakutaka safari. Alitaka dari."