Mdogo Wangu wa Kumzaa

Kila baada ya wiki mbili, Jumapili, tukishaanika nguo, mimi na binti yangu tunafunga mlango wa mbele na kunirudisha nyuma miaka kumi na mbili. Kwanza mafuta ya mgando kuzunguka paji la uso na nyuma ya masikio, ili piko, rangi nyeusi ya nywele, isiache alama kwenye ngozi. Kisha piko yenyewe, imekorogwa kwenye bakuli ambalo haliwekewi tena chakula, inapakwa kwa mswaki wa zamani, mstari kwa mstari. Mbele najipaka mwenyewe. Kisogoni sioni, kwa hiyo ananipaka yeye. Tukimaliza navaa mfuko wa plastiki kichwani, najipaka ute wa yai na asali usoni, na kukaa nusu saa bila kucheka, maana ute uliokauka hupasuka mtu akicheka. Kwa hilo sijawahi kupata shida.

"Inamisha kichwa, dada," ananiambia.

Dada. Mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili.

Sina wa kumlaumu, neno hilo nilimfundisha mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita duka la vipodozi lilibandika tangazo mlangoni: anahitajika muuzaji wa kike, umri usizidi thelathini na mbili. Mimi nilikuwa na arobaini na tatu. Baba mtoto alikwisha kwenda zake zamani, na duka la viatu nililokuwa nikiuza lilikuwa limefungwa. Nikajaza fomu kwamba nina thelathini na mmoja. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Madamu, hakuitazama fomu wala hakuomba kitambulisho. Alinitazama uso.

"Ngozi yako itauza," akasema.

Wiki hiyo hiyo binti akapita dukani kuchukua ufunguo, na sare yake ya shule, miaka kumi na sita, mrefu kunizidi. Keshia akauliza, "Huyu nani?" Nikapiga hesabu ya miaka haraka haraka, ikakataa. Nikasema, "Mdogo wangu."

Binti alinitazama kidogo, akapokea ufunguo, akasema, "Asante, dada."

Jioni nilimsifu kwa akili zake. Nikamwambia tuzoee kuitana hivyo hata nyumbani, ulimi usije ukateleza mbele za watu. Akaniuliza, "Hata tukiwa wawili tu?" Nikamwambia hata tukiwa wawili tu. Mjinga mimi, nilidhani neno ni kama kandambili, unavaa na kuvua.

Na uongo wa umri hauishii kwenye nywele, unahitaji kabati zima. Nilijenga langu kwa mitumba, nguo moja moja, na kila moja niliibana upya kwa sindano ya mkono. Blauzi za kola ya kusimama, kwa sababu shingo ndiyo mchongezi wa kwanza. Mikono mirefu ya kitambaa chepesi, kufunika viwiko. Sketi iishie chini kidogo ya goti: ikipanda, watasema nalazimisha ujana, ikishuka, nimekuwa mama mtu. Visigino vifupi, kwa kuwa magoti yangu hayajui kudanganya. Chini kabisa ya kabati, limekunjwa, lipo gauni pana la kijani nililovaa siku binti alipomaliza shule ya msingi. Picha ya siku ile nimeificha ndani ya gauni lenyewe. Pichani nimenenepa, nacheka meno yote nje, mvi mbili zinaonekana, na nimemshika mwanangu bega.

Dukani wakiniuliza habari za mama yetu, nawaambia yuko mbali, kijijini, hajambo. Keshia, ambaye ana moyo mwema kupita kiasi, humtumia salamu. Nazipokea.

Binti alisomea ushonaji kwenye chuo cha ufundi, miaka miwili. Mapema mwaka huu, mswaki ukiwa kisogoni kwangu, aliniuliza siku ya mahafali nitakaa wapi. Nikamwahidi nitakaa mbele, kwenye viti vya wazazi, kwa sura yangu. Niliahidi kwa moyo mmoja, kwani siku yenyewe ilikuwa mbali.

Jumanne moja jioni akanipa kadi ya mwaliko. Asubuhi ya siku hiyo hiyo Madamu alikuwa ametutangazia kwamba duka litaweka meza ya bidhaa pale chuoni siku ya mahafali, na sote tutakuwepo na fulana za duka.

"Nitakaa na wenzangu mezani," nikamwambia binti. "Nitakupigia makofi kutoka kule."

"Kama nani?"

"Kama dada yako. Unajua mambo yalivyo."

"Uliniahidi."

"Nikifukuzwa kazi, hiyo ahadi tutaipika?"

Alichukua kadi yake mezani, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, akaenda kulala bila kula. Nilijua nimemkosea. Niliona haya, na bado nilikaa kwenye kioo nikajipaka krimu ya usiku, kwa sababu kesho ilikuwa siku ya kazi.

Kesho yake mchana akaja dukani kuchukua ufunguo. Madamu alikuwa akipanga poda kwenye kabati la kioo, akafurahi kumwona.

"Fundi wetu huyo. Basi siku ya mahafali tutamwona mama yenu hatimaye, au siyo?"

Binti hakumtazama Madamu. Alinitazama mimi.

"Mama amefariki," akasema.

"Jamani! Lini?"

"Jana jioni."

Keshia akaifunga droo yake taratibu. Madamu akanigeukia, boksi la poda mkononi. "Jana jioni? Na leo umekuja kuniuzia losheni?"

Niseme hakufa? Machozi yakaanza kutoka yenyewe, mbele ya wateja, na yalikuwa ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa mwanangu vizuri sana. Walinikumbatia, wakanivua aproni, wakaniambia niende nyumbani, watakuja.

"Umeniua," nilimwambia njiani.

"Mimi?" akasema binti.

Walikuja Alhamisi alasiri, Madamu, keshia na mlinzi wa duka aliyebeba katoni ya maji ya kunywa begani. Kwa simu nilikuwa nimewaambia kwamba mama amekwisha kuzikwa kijijini, hatukuwahi. Nilikuwa nimekaa mbele ya kabati tangu asubuhi. Mfiwa hajipodoi. Nguo zangu zote za dukani zilikuwa na rangi za kuita wateja, na nyingine zilibana mno, hazifai kuvaliwa msibani. Ilibaki moja. Nikanawa uso kwa maji matupu, nikavaa gauni la kijani, nikajifunga mtandio, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nikawafungulia wenzangu mlango nikiwa na uso wangu mwenyewe.

Madamu alisimama kizingitini. "Msiba ni kitu kibaya jamani. Ona ulivyozeeka kwa siku mbili."

Keshia akakaa karibu yangu, akaninyooshea mtandio pembeni mwa kichwa, kwa huruma, ili kufunika. "Na mvi zimekuja," akaninong'oneza.

"Ndiyo," nikasema. "Zimekuja."

Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nimeshavaa gauni, nimeshavua uso wa uongo, kilichobaki ni maneno matatu tu: mama ni mimi. Nikapiga moyo konde. Kisha nikamwona binti amesimama kwenye mlango wa jikoni, na nikaelewa kwamba nikisema, si mimi peke yangu nitakayeumbuka. Yeye atakuwa msichana aliyemzika mama yake akiwa hai, na watu hao hawataniuliza alifikaje huko. Mimi ningefukuzwa, yeye angesemwa maisha yake yote. Nikaufunga mdomo.

"Tumeshaongea sisi," akasema Madamu. "Siku ya mahafali hukai mezani kwetu. Unakaa mbele, viti vya wazazi. Hana mwingine sasa. Mama yake ni wewe."

"Ni wewe kabisa," akasema mlinzi.

"Ila Jumatatu nakutaka kazini," Madamu akaongeza, na alisema kwa upole. "Na ujipambe, mpenzi wangu. Uso huu wateja watauonea huruma, hawatanunua."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, kiti na kazi pia, na hakuna hata kimoja kilichokuwa changu.

Binti akaja na trei. Alianza na mimi, akainama mbele yangu, glasi mkononi.

"Kunywa maji, mama," akasema.

Sikuwa nimelisikia neno hilo kwa miaka mitatu. Hakuna aliyeshtuka. Keshia akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake, akamwambia Madamu, "Unaona? Ameshaanza kumwita mama. Mtoto ana moyo huyu."

Binti hakuondoka. Aliendelea kuinama, macho yake kwenye macho yangu, akingoja. Alikuwa amenifungulia mlango mbele ya watu wote, na safari hii ningeweza kupita bila mtu kuuliza kitu. Nilitaka kumwita mwanangu. Nilitaka kwa roho yangu yote. Nikapokea glasi, nikafungua mdomo, na ulimi ukasema kile ulichozoea.

"Asante, mdogo wangu."

Akasimama wima, akageukia wageni, akaendelea kugawa maji.